Moshi Ambao Setilaiti Haiuoni

Mzee mmoja wa Ruiru anayeugua pumu aliletwa kwangu usiku akihema kwa shida. Alipopata nafuu aliniuliza: "Daktari, nasikia siku hizi setilaiti huona moto msituni. Mbona haikuuona huu uliokaribia kuniua?" Moto wenyewe ulikuwa wa takataka, nyuma ya ploti anamoishi.

Swali lake ni zuri. Kifaa kiitwacho VIIRS, kilichorushwa angani mara ya kwanza mwaka wa 2011, hutambua joto jingi linalotoka ardhini. Ardhi hugawanywa vipande vyenye upana wa mita 375, na kipande chenye joto lisilo la kawaida hutiwa alama kwenye ramani. Habari hizo hutolewa bila malipo, kwa kawaida baada ya saa 3 hivi. Ndivyo mioto mikubwa ya misitu inavyofuatiliwa, mfano ule wa Mlima Kenya wa Machi 2012, au wa milima ya Aberdare wa Februari 2022.

Lakini kifaa hicho hupita juu yetu mara chache, yapata saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto uliowashwa saa kumi jioni ukazimika kabla ya saa tatu usiku haupati alama. Mawingu pia huuficha, na moto mdogo huweza kukiponyoka.

Mapafu, hata hivyo, hayajui ukubwa wa moto. Moshi wa msitu na wa takataka una chembechembe nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara 20. Hizi hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Walio hatarini zaidi ni watoto, wajawazito, wazee, na wenye pumu au ugonjwa wa moyo.

Ufanye nini? Miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, weka dawa yako ya kuvuta karibu. Moshi ukija, ingia ndani, ufunge madirisha, wala usiwashe jiko la makaa humo. Kitambaa kilicholoweshwa hakitoshi. Barakoa ya N95 inayobana vizuri husaidia. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, mkimbize hospitalini mara moja.

Tena, zungumza na majirani wa ploti: takataka zikusanywe, zisichomwe. Moto huo hakuna setilaiti itakayokuonya juu yake.