Kafi Lifungwe au Liachwe Huru?

Kutoka Tukuyu hadi Matema unashuka zaidi ya mita 1,000. Umeacha ukungu na mashamba ya chai, na sasa umesimama kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, joto limekubana na kayaki iko tayari. Kabla hujaisukuma majini, amua jambo moja ambalo wengi huliacha hadi limewafika: kafi lako litafungwa kwa kamba au litakuwa huru mkononi?

Msimamo wangu ni huu. Ukienda kwenye ziwa lililo wazi, hasa ukiwa peke yako, lifunge. Lifunge kwenye chombo, kamwe usilifunge mwilini. Na ujue tangu ukiwa nchi kavu ni wapi utalifungua.

Kayaki iliyopinduka na kubaki tupu ni nyepesi mno. Upepo wa kawaida tu huisukuma kwa kasi ambayo mtu aliyevaa jaketi la kuokolea hawezi kuifikia kwa kuogelea. Unatokeza kichwa, unafuta maji machoni, chombo kimeshaondoka. Ila mara nyingi mkono bado umeng'ang'ania kafi, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ulichokuwa umeshika. Kamba ikiwapo, ukishika kafi umeshika na chombo. Maji ya Nyasa hayana baridi ya kuua haraka kama bahari za Ulaya ya kaskazini, ambako anayeanguka hupoteza nguvu za vidole kwa dakika chache. Huku hatari kubwa ni kutenganishwa na chombo na kuchukuliwa mbali.

Kuchukuliwa kwenda wapi? Hapo ndipo ziwa hili linahitaji kueleweka. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Mwera, upepo wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, husafiri urefu wote huo ukikusanya mawimbi, na mawimbi hayo huja kuvunjikia Matema. Ukipoteza kafi wakati wa mwera, walau unarudishwa pwani, ingawa upande wa mashariki pwani hiyo ni miamba ya Milima ya Livingstone iliyozama moja kwa moja majini. Huko hakuna mchanga wa kukupokea.

Mimi naogopa zaidi alfajiri tulivu. Usiku hewa ya milimani hupoa na kuteremka kuelekea ziwani, na asubuhi na mapema upepo huo mwepesi bado unaweza kuwa unasukuma kutoka nchi kavu kwenda katikati. Karibu na ufuko maji yametulia kabisa, unajiona salama, huoni haja ya kamba wala ya jaketi. Ukilipoteza kafi saa hizo unaelekea kwenye kina kinachofikia mita 700 hivi, na wavuvi waliokesha huenda wamesharudi nyumbani. Kwa hiyo usipime haja ya kamba kwa ukubwa wa mawimbi, ipime kwa mwelekeo wa upepo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana hutolewa hata kwa Ziwa Nyasa, kisha muulize mvuvi wa pale pale.

Wanaoipinga kamba wana hoja ya kweli. Kamba ndefu inayoelea ovyo huzunguka kifundo cha mkono, shingo, au mguu wa mtu anayejaribu kupanda tena chomboni. Kwenye mawimbi yanayovunjika, chombo kilichojaa maji kinaweza kumburuta mtu aliyenaswa. Ndiyo maana nasisitiza: ukikaribia ufuko wa Matema siku ya mwera, fungua kamba na uihifadhi kabla hujafika mahali mawimbi yanapovunjikia. Mwenzako akija kukuokoa, fungua pia, ili mikono yenu nyote wawili isinaswe na kamba. Na kwenye mito kama Kiwira au Lufirio usifunge kabisa. Maji yaendayo kasi yatapeleka kamba kwenye jiwe au tawi, na mkondo hautakupa nafasi ya kujinasua.

Kuhusu kufunga kwenyewe: tumia kamba fupi, isiyozidi nafasi ya kupiga kafi kwa mkono ulionyooka pande zote mbili. Ile iliyojikunja kama waya wa simu ya mezani ndiyo bora, kwa kuwa inajirudisha yenyewe na haibaki ikining'inia. Ukiikosa, ukanda wa tyubu ya baiskeli uliounganishwa na kipande cha nailoni unafaa. Ncha moja iwe katikati ya mpini, nyingine kwenye kamba ya juu ya kayaki mbele yako, kwa fundo linalofunguka ukivuta mara moja. Jaribu kulifungua umefumba macho, mkono ukiwa umelowa. Halafu pinduka makusudi mahali ambapo maji yanakufika kiunoni, mwenzako akiwa kando, uone kamba inakwenda wapi. Weka kisu kidogo kwenye jaketi.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ile, kwa miaka mingi wamekuwa wakipeleka vyungu vyao Matema kwa mitumbwi. Mtumbwi wenye wapiga makafi wawili una bima ambayo kayaki ya mtu mmoja haina: kafi moja likienda, lingine lipo. Iga hilo. Kafi la akiba lililofungwa vizuri juu ya kayaki lina thamani kubwa kuliko kamba yoyote, na kundi lenye makafi ya akiba linaweza hata kuachana na kamba.

Na kama fedha uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, usinunue kamba wala kafi la pili. Nunua jaketi la kuokolea linalokukaa sawasawa, ulivae tangu ufukweni, na usilivue hadi urudi.