Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Mfano wa Diski Zilizobadili Mpangilio katika Seva ya Nyumbani

Utangulizi

Mwalimu anayekusudia kuwazoeza wanafunzi kutafuta chanzo cha hitilafu hana budi kuchagua mfano ambao yeye mwenyewe ameuelewa barabara. Makala haya yanatumia mfano wa seva ndogo ya nyumbani, yaani kompyuta iliyotengwa kwa kazi ya kuhifadhi mafaili ya jamaa nzima: picha, barua, na pengine alama za wanafunzi. Hitilafu yenyewe ni kwamba diski zimebadili mpangilio, na mafaili hayaonekani tena mahali pake.

Madhumuni

Baada ya somo hili mwanachuo aweze:
(a) kueleza sababu ya majina ya diski kubadilika;
(b) kuitambua diski kwa alama yake ya kudumu;
(c) kurekebisha hitilafu bila kupoteza faili hata moja.

Maelezo ya Msingi

Tuchukue seva inayoendeshwa na mfumo wa Linux, yenye diski tatu. Kompyuta inapowashwa, mfumo huzipa diski majina kadiri unavyozigundua: sda, sdb, sdc. Majina hayo si mali ya diski. Diski mpya ikiongezwa, waya ukihamishwa tundu, au diski moja ikichelewa kuitikia, ile iliyoitwa sdb jana yaweza kuitwa sdc leo. Hakuna kilichoharibika, majina tu ndiyo yaliyohama.

Hata hivyo hatari ni kubwa. Tuseme sdb ina mafaili ya kila siku, na sdc ina nakala ya akiba. Majina yakibadilishana, programu ya kunakili usiku itachukua nakala ya zamani na kuifunika juu ya mafaili mapya. Kazi ya siku nyingi itapotea pasipo mtu kutambua.

Kwa kufafanua jambo hili, mwalimu awapange watoto watatu mstarini na kuwapa namba 1, 2 na 3. Kisha mtoto wa nne asimame mbele, na namba zihesabiwe upya. Namba 2 sasa ni mtoto mwingine. Mwalimu ajazaye alama kwa kufuata mstari atampa mtoto alama zisizo zake. Ndiyo maana shule huwa na daftari la kuandikisha. Diski nayo ina namba ya kiwandani iliyobandikwa juu yake. Aidha, sehemu ya diski iliyotayarishwa kwa mtindo wa ext4 ina namba tambulishi iitwayo UUID, yenye tarakimu na herufi 32 zilizotengwa kwa vistari vinne. Namba hizo hazibadiliki kwa kuhamisha waya.

Hatua za Kufuata

1. Usiandike chochote juu ya diski. Seva ikiuliza kama itayarishe diski upya, jibu liwe hapana.

2. Hesabu diski kwa amri lsblk. Ikiwa zimo tatu na zinaonekana mbili, tatizo si mpangilio; chunguza waya, umeme, au diski yenyewe.

3. Linganisha namba. Amri lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,UUID huonyesha jina, ukubwa na namba za kila diski. Andika jedwali, ukilinganisha na namba zilizobandikwa.

4. Soma faili /etc/fstab, linaloeleza sehemu ipi ya diski ifunguliwe katika folda ipi. Ukikuta mstari unaoanza na /dev/sdb1, hapo ndipo penye udhaifu. Nakili kwanza faili hilo, kisha badala ya jina weka UUID= ikifuatwa na namba yake.

5. Jaribu. Washa seva upya, kisha fungua mafaili machache ya kila folda.

Tahadhari

Diski zikiwa zimeungwa pamoja kuwa safu moja kwa programu ya mdadm, kila diski hubeba maandishi yanayoeleza safu yake na nafasi yake. Kwa kawaida, basi, kuhamisha nyaya hakuidhuru safu. Hali yake husomwa katika /proc/mdstat. Kosa la kuogopwa ni kuiunda safu upya kwa kukisia mpangilio. Katika RAID 5 vipande vya mafaili hutawanywa juu ya diski zote kwa zamu. Zamu ikikosewa, mafaili huwa kama kitabu kilichoshonwa kurasa ovyo. Wala safu si badala ya nakala ya akiba.

Njia ya Kufundishia

Mwalimu asitangulize jibu. Aligawe darasa katika vikundi, na kila kikundi kipewe kadi tatu za majina na tatu za namba za kiwandani. Kila kikundi kitoe dhana, kitaje jambo litakaloithibitisha au kuikanusha, ndipo kichague hatua. Kwa kila jibu mwalimu aulize: “Umejuaje?” Jibu sahihi lililopatikana kwa kubahatisha lisihesabiwe kuwa limekamilika, kwani mkono uliobahatika leo waweza kesho kufuta diski isiyohusika.

Zoezi

1. Kwa nini jina sdb halitoshi kuitambua diski?
2. Seva ya diski nne inaonyesha diski tatu. Taja mambo mawili utakayochunguza kwanza, ukieleza sababu.
3. Andaa somo la dakika 40 la kuwaeleza wanafunzi wa darasa la sita tofauti kati ya mahali pa kitu na utambulisho wake, kwa kutumia vifaa vipatikanavyo darasani.