SOMO: UZITO WA TUTA KATIKA BARABARA IPITAYO KINAMASI



Barabara nyingi za kwenda ghalani hukatika kila masika mahali pale pale, penye kinamasi. Wanachama humwaga kifusi, na baada ya miezi michache tuta limezama tena. Somo hili laeleza sababu, ili fedha za chama zisizikwe matopeni.

1. Sababu
Udongo wa kinamasi ni mlaini na umejaa maji. Ukilemewa, maji hukamuliwa polepole, nao hushuka. Kifusi kiongezwacho ili kuinua barabara ni mzigo mpya. Hivyo dawa hugeuka kuwa ugonjwa.

2. Dawa
Dawa ni kupunguza uzito. Wajenzi wa reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830, walivuka kinamasi cha Chat Moss kwa kutandika matita ya matawi na vichaka. Mwaka 1972, huko Flom karibu na Oslo, nchini Norway, tuta lililokuwa likizama liliondolewa mita moja ya udongo, pakapangwa matofali makubwa ya polistirini, yaani plastiki nyeupe nyepesi ambayo redio hufungiwa ndani ya boksi. Vumbi la mbao na mawe ya volkano yenye matundu pia hutumika.

3. Hesabu
Tukadirie kuwa mita moja ya ujazo ya udongo ina kilo 1,800, na ya polistirini kilo 20. Tukibadilisha kimo cha mita moja, kila mita ya mraba ya kinamasi hupunguziwa kilo 1,780.

4. Tahadhari
Kilicho chepesi huelea. Mafuriko yakiyafunika matofali hayo yote, maji huyasukuma juu kwa nguvu ya kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kifusi cha nusu mita juu yake kina kilo 900 tu, nacho kikizama maji hukipunguzia uzito zaidi, barabara itang'oka. Tena, petroli huyeyusha polistirini, na vumbi la mbao huoza likipata hewa. Kwa hiyo chama kisianze kazi kabla mhandisi hajapima kina cha kinamasi na kimo cha mafuriko.

Maswali ya kujadili mkutanoni
(a) Barabara yetu huzama wapi, na tumemwaga kifusi hapo mara ngapi?
(b) Maji ya masika hufika kimo gani?
(c) Gharama ya kifusi cha kila mwaka ingetosha kumlipa mpimaji?