Somo la 7: Kijana Aliyerudi Kabla ya Wakati

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Mafunzo ya Juma Hili: Mk. 6:7, Mhu. 4:9, 10, Mdo. 12:12, 25, Mdo. 13:1–13, Mdo. 15:36–41, Kol. 4:10, Flm. 24, 2 Tim. 4:11.

Fungu la Kukariri: 2 Timotheo 4:11. Likariri kutoka katika Biblia yako, na uangalie hasa jinsi Paulo anavyomtaja Marko.

Watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wamewazoea: vijana wawili wenye mashati meupe na tai, na kibao cheusi cha jina kifuani. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni. Kijana wa kiume huweza kwenda akiwa na miaka 18, akatumika miaka 2; msichana hutumika miezi 18. Hachagui mahali pa kwenda. Hupangiwa, naye hutii. Gharama nyingi hubebwa na yeye mwenyewe na familia yake.

Waadventista Wasabato hawakipokei Kitabu cha Mormoni kuwa Neno la Mungu, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, maisha ya vijana hawa yanaleta swali linalolihusu kila kanisa linalotuma vijana wake. Si wote wanaomaliza muda wao. Wapo wanaougua, wapo wanaolemewa na upweke, wapo wanaoingiwa na mashaka. Kijana akishuka nyumbani kabla ya wakati, atapokelewaje? Biblia inaye kijana wa namna hiyo. Jina lake ni Yohana Marko.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Wawili Wawili

Soma Marko 6:7 na Mhubiri 4:9, 10. Kwa nini Yesu hakuwatuma wanafunzi wake mmoja mmoja?

Mmisionari wa Kimormoni hupewa mwenzake. Hula pamoja, hutembea pamoja, hulala nyumba moja, na hawatakiwi kuachana. Mwenzake huyo hakumchagua. Huenda wanatoka nchi mbili tofauti. Baada ya majuma kadhaa mmoja huhamishwa, na mwingine huletwa. Utaratibu huo humlinda kijana, lakini pia humfunza jambo gumu: kuishi kwa amani na mtu ambaye hakumtaka.

Katika Matendo 13:2–5, Roho Mtakatifu aliwatenga Barnaba na Sauli. Marko alikwenda nao kama msaidizi. Hakuwa mgeni kwa mambo ya kanisa, maana waumini walikusanyika kuomba nyumbani kwa mama yake Yerusalemu (Mdo. 12:12). Lakini kukulia katika nyumba ya maombi ni jambo moja, na kubeba mzigo njiani ni jambo jingine.

Je, katika kanisa lako, vijana wanapotumwa kuhubiri au kuuza vitabu, nani hufuatana nao?

JUMATATU
Katika Nchi ya Wengine

Fikiria kijana kutoka ng'ambo anayefika Bariadi kwa mara ya kwanza. Amejifunza Kiswahili darasani, naye anajiona yuko tayari. Asubuhi sokoni mama mmoja anamwambia, "Mwangaluka," naye hana jibu. Jioni salamu imegeuka kuwa "Mwadila." Anagundua kwamba salamu ya Kisukuma haipitwi mbio. Mtu husimama, huulizwa habari za nyumbani, na mdogo humpa mkubwa heshima yake. Anaandaliwa matobolwa kwa chai na nsansa kwa ugali. Msimu wa pamba anawakuta watu wako shambani au kwenye mizani, hawana nafasi ya kumsikiliza. Kabla ya kuwa mwalimu, imempasa kuwa mwanafunzi.

Ndivyo ilivyo pia kwa kijana wa Itilima au Meatu anayepelekwa Lindi, Burundi au mbali zaidi. Chakula ni kingine, utani ni mwingine, na usiku ni mrefu.

Soma Matendo 13:6–13. Marko alikuwa ameona mambo gani Kipro kabla ya kurudi?

Kisiwani alimwona yule mchawi Elima akipofushwa, na liwali Sergio Paulo akiamini. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini walipofika Perge ya Pamfilia, ambako njia ya kwenda bara ilipanda milimani, Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu. Luka haelezi sababu. Anataja tu kwamba alirudi.

Ni nini kinachotufundisha kwamba kuona muujiza hakumwondolei mtu woga wa safari iliyo mbele?

JUMANNE
Waliofika Kwetu

Waadventista wa Tanzania ni matunda ya wageni waliokubali kujifunza. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns walitoka Ujerumani wakaanza kazi Upare. Mwaka 1909 kituo kilifunguliwa Majita, kando ya Ziwa Victoria, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ilikuwa imeingia Kanadi na Ntuzu, nchi ambayo leo imo katika Mkoa wa Simiyu.

Upande wa Kenya, mwishoni mwa 1906, Arthur Carscallen, Mkanada mwenye miaka 27, alifika Gendia. Mwaka 1910 alikwisha kuandika kitabu cha sarufi ya Kijaluo. Mara nyingi hadithi huishia hapo. Lakini Carscallen hakufika peke yake. Alikuja na Peter Nyambo, kijana Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Nyambo naye alikuwa mgeni kati ya Wajaluo, mbali na lugha ya mama yake. Hakukaa muda mrefu, alirudi kwao. Jina la aliyebaki linajulikana sana, na la aliyerudi wengi hawalijui.

Vita vilipoanza mwaka 1914, kazi ya wamisionari Wajerumani ilivurugika, na hatimaye waliondolewa. Walimu Waafrika ndio walioendelea kuwakusanya waumini.

Soma 1 Wakorintho 3:6–9. Fungu hili linasema nini kuhusu mtu aliyefanya sehemu ndogo ya kazi kisha akaondoka?

JUMATANO
"Mbona Umerudi Mapema?"

Soma Matendo 15:36–41. Paulo alikuwa na sababu gani? Barnaba je?

Katika familia nyingi za Kimormoni, mwana kurudi kabla ya muda ni jambo zito. Majirani huuliza, wazazi hutafuta maneno, na kijana hujifungia. Lakini hali hiyo haiko Utah tu. Chukua kanisa la kijijini Simiyu. Waumini wametoa fedha za pamba na debe za mahindi, wamemwekea kijana mikono, wamemsindikiza stendi kwa nyimbo. Baada ya miezi minne anashuka kwenye basi, amekonda, hasemi. Sabato inayofuata mtu anamwuliza mlangoni, mbele ya watu, "Mbona umerudi mapema?" Sabato ya pili haji.

Paulo hakuwa na roho mbaya. Katika safari ile alipigwa mawe Listra hata wakadhani amekufa. Alijua gharama ya kuwa na mwenzi asiyetegemeka. Barnaba naye aliona mtu anayeweza kusimama tena, kama vile zamani alivyomchukua Sauli wakati wanafunzi walipomwogopa (Mdo. 9:26, 27). Ugomvi ulikuwa mkali, nao wakaachana. Luka hakuuficha.

Hapa kuna jambo la kupima kwa makini. Kanisa laweza kuamua kwamba mtu hayuko tayari kutumwa tena sasa. Hilo si dhambi. Dhambi ni kumfanya ajione hana tena mahali nyumbani mwa Mungu.

ALHAMISI
Mtu wa Kufaa

Soma Wakolosai 4:10. Filemoni 24 na 2 Timotheo 4:11. Maneno ya Paulo kuhusu Marko yamebadilikaje?

Miaka ilipita. Paulo, akiwa kifungoni, aliagiza Wakolosai wampokee Marko. Karibu na kifo chake alimhitaji Marko aletwe, kwa kuwa alimfaa kwa utumishi. Na kanisa limepokea Injili inayobeba jina lake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kati ya Perge na maneno hayo ya mwisho alikuwapo Barnaba. Hatuna hotuba yake hata moja kwa Marko. Tunajua tu kwamba alimchukua wakasafiri. Kanisa laweza kufanya vivyo hivyo. Mzee mmoja amtembelee kijana, asikilize kabla ya kudai taarifa. Akiwa mgonjwa, wa mwili au wa moyo, apelekwe hospitali. Asilazimishwe kutoa ushuhuda mimbarani. Apewe kazi ndogo pamoja na mtu, si peke yake.

Na kanisa lisingoje arudi. Zamani wamisionari wa Kimormoni kwa kawaida walipiga simu nyumbani siku ya Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuongea na familia zao kila juma. Simu ya juma yaweza kuonyesha mapema kwamba kijana analemewa.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu Matendo ya Mitume, Ellen G. White anaeleza kwamba Marko alishindwa na hofu na kukata tamaa, kwa kuwa hakuwa amezoea taabu. Soma habari hiyo, kisha usome tena Matendo 15:36–41.

Maswali ya Kujadili:

1. Kati ya Paulo na Barnaba, darasa lenu lingemwunga mkono nani? Je, wote wawili wangeweza kuwa na sehemu ya ukweli?

2. Orodhesheni, bila kutaja majina hadharani, vijana waliotumwa na kanisa lenu wakarudi kabla ya muda. Wako wapi leo? Nani atawatembelea juma hili?

3. Mgeni kijana wa imani nyingine akibisha hodi kwako Bariadi, utamtendeaje huku ukishika imani yako? Linganisha na 1 Petro 3:15.

4. Kanisa lenu lifanye nini kabla ya kumtuma kijana, ili asikutane na Perge yake akiwa peke yake?