Hoteli: Asili, Maana na Matumizi ya Neno la Mkopo

Msafiri anayeshuka Rodi Kopany, njia panda ya barabara za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, akiuliza iliko hoteli, huelekezwa penye chai, ugali na samaki. Akitaka kulala, sharti aulizie lojingi. Hata hivyo, neno hili limetoka katika Kiingereza, na Mwingereza alitamkapo hutaraji kitanda. Je, tumelikosea? Makala haya yanashikilia kwamba hatukulikosea.

Tuanze na asili. Katika Kilatini, "hospes" ni mgeni, na pia ni yule ampokeaye mgeni. Kutokana na shina hilo likapatikana "hospitale", yaani mahali pa kupokelea wageni. Kifaransa cha kale kikalifanya "hostel". Baadaye s ikadondoka, likawa "hôtel", na alama iliyo juu ya o ndiyo kumbukumbu ya s hiyo. Kiingereza kiliyakopa maumbo haya kwa nyakati mbalimbali, nasi tukayapokea: hospitali, hosteli na hoteli. Mgonjwa, mwanafunzi na msafiri mwenye njaa wanapokelewa na shina moja.

Kifonolojia, Kiswahili hupendelea silabi huru, hivyo irabu i imeongezwa mwishoni. Katika Kiingereza, mkazo wa "hotel" huwa kwenye silabi ya mwisho. Katika ho-te-li, silabi hiyo imekuwa ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mkazo haukuhama. Katika hospitali umehama: Waingereza hukaza silabi ya kwanza, sisi hukaza -ta-.

Kisemantiki, hoteli ya Kizungu iliuza malazi na chakula pamoja. Wakenya walishika chakula. India nako neno hilo hutumika kwa mahali pa kulia, na Australia huweza kumaanisha baa. Kila jamii imechukua sehemu iliyoihitaji. Isitoshe, mkahawa, neno lenye asili ya Kiarabu, latokana na kahawa; mbona hatumsahihishi anywaye chai mkahawani?

Suala hili si la darasani pekee. Tuchukue mfano wa shahidi anayesema mahakamani, "Nilimwona mama huyo akiingia hotelini na mwanamume." Mkalimani akitafsiri kwa "hotel" bila kuuliza, hakimu asiyeyajua matumizi haya ataona kitanda mahali palipokuwa na kikombe cha chai. Heshima ya mtu itakuwa imevunjwa na tafsiri iliyofuata umbo la neno na kuacha maana yake.

Kwa kuhitimisha, mwalimu asimkate alama mwanafunzi aliyeandika "tulikula hotelini". Naye mfasiri, kabla ya kulirudisha neno la mkopo katika lugha lilikotoka, aulize kwanza linatumikaje pale liliposemwa.