Kulipia Njia Si Kununua Ndugu

Wako watu wazima kati yetu ambao waliasiliwa walipokuwa wachanga. Wamelelewa vema, wamesomeshwa, wengine wamekwisha kuoa au kuolewa na kupata watoto wao. Walakini hawalijui tumbo lililowazaa. Siku hizi wanajiwa na swali zito: je, yafaa kutoa fedha ili watafutiwe wazazi na ndugu zao wa damu? Maana wako watu wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo, na ziko maabara za ng'ambo ziuzazo vipimo vya vinasaba hata kwa njia ya posta. Swali hili lagusa mfuko na moyo, tena lagusa nyumba mbili kwa pamoja, ile iliyozaa na ile iliyolea. Kwa hiyo twataka kulichungua polepole, bila kumlaumu mtu.

METHALI MBILI

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo, zikisemwa pamoja, mtu adhani zagombana. Ya kwanza yasema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ya pili yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Mara nyingi mama mlezi huishika ile ya kwanza kama ngao, na mtoto aliyelelewa huishika ile ya pili kama mkuki. Hapo ugomvi huanza.

Lakini tukizipima vema twaona kwamba kila moja yasema neno lake. Ya kwanza yahusu deni la shukrani: aliyekesha na mtoto mwenye homa, aliyelipa karo, huyo ni mzazi kweli kweli. Ya pili yahusu ujuzi: mtu hawezi kukaa kwa amani akiwa hajui alikotoka. Kumshukuru aliyelea hakumkatazi mtu kuuliza habari za aliyezaa. Vivyo hivyo, kuuliza habari za aliyezaa hakufuti hata siku moja ya malezi.

HABARI ZA BAGAMOYO

Pwani yetu yajua uchungu wa jambo hili kuliko nchi nyingi. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja, wakiongozwa na Padre Anton Horner, wakaanzisha misioni Bagamoyo. Hapo walikusanywa watoto waliotolewa utumwani. Wengine walinunuliwa katika soko la Unguja ili wawekwe huru. Wengine waliletwa baada ya manowari za Kiingereza kuyakamata majahazi ya watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, lakini watoto waliokwisha kutengwa na mama zao hawakurudishwa kwao kwa amri ya Sultani. Wakapewa majina mapya katika ubatizo, wakafundishwa kazi, wakaozwa, wakajenga kijiji cha Kikristu. Jamaa kadhaa kati yao walitumwa bara wawe msingi wa misioni mpya, kama ile ya Mhonda iliyoanzishwa mwaka 1877.

Mmoja wa watoto wa nyakati zile alikuwa msichana Myao aitwaye Swema. Mama yake alifia njiani katika msafara wa watumwa. Swema mwenyewe alifika Unguja akiwa taabani, akazikwa akidhaniwa amekwisha kufa, akaokolewa, akapelekwa misioni. Habari zake zilipigwa chapa Ufaransa mwaka 1870. Masista walimlea, akapona; walakini katika masimulizi yake aliendelea kumkumbuka mama yake.

Hatusemi kwamba kuasiliwa ni sawa na utumwa. Hasha! Twataja habari hizi kwa sababu zatufundisha mambo mawili. Kwanza, malezi mema hayamwondolei mtoto kumbukumbu ya mama, wala kumbukumbu hiyo si utovu wa shukrani. Pili, fedha ina mpaka wake. Fedha iliyomtoa mtoto sokoni haikuweza kumrudishia mama yake.

SHERIA YASEMAJE?

Katika Tanzania Bara kuasili hufanyika kwa amri ya Mahakama Kuu, kwa kufuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa amri hiyo mtoto huwa mtoto wa waliomwasili, na huwarithi kama mtoto waliyemzaa. Sheria za Kanisa nazo, katika kanuni ya 110, zawahesabu walioasiliwa kwa sheria ya nchi kuwa watoto wa wale waliowaasili. Basi mwenye hofu kwamba kutafuta kutaibomoa nyumba yake, na aitoe hofu hiyo. Kumwona mama aliyekuzaa hakufuti hati ya mahakama.

Upande wa pili, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wasema kwamba mtoto ana haki, kadiri iwezekanavyo, ya kuwajua wazazi wake. Anayeuliza, basi, hafanyi dhambi wala kosa.

Tena ana sababu nzito. Iko sababu ya afya: magonjwa kama selimundu hurithiwa, na daktari huuliza habari za ukoo. Iko sababu ya ndoa: Kanisa halikubali ndoa ya ndugu wa damu wa ubavuni hata daraja la nne, na asiyewajua ndugu zake aweza kumchumbia ndugu bila kujua. Iko pia sababu ya ukoo wenyewe. Kwa Wakwere na Wazigua, ukoo hufuata upande wa mama. Asiyemjua mama hajui mjomba wake ni nani, wala katika misiba na arusi hajui asimame upande gani.

MILANGO ISIYODAI MALIPO MAKUBWA

Tuchukue mfano. Mtu mzima akaaye Dar es Salaam ameambiwa neno moja tu: mama yako alikuwa mtu wa Mkange. Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, kaskazini ya mto Wami, njia ya kwendea Saadani. Mtu huyu ana akiba yake kidogo, na amekutana na wakala amwambiaye, "Nipe fedha, nitakuletea mama yako." Afanye nini?

Twamshauri aifunge mikoba yake kwanza, akabishe milango mingine.

Mlango wa kwanza ni wa wale waliomlea. Wao ndio wenye karatasi, na mara nyingi ndio wenye jina au tarehe ambayo hakuna mpelelezi awezaye kuipata. Awaendee kwa heshima, awaambie mapema, wasije wakasikia kwa jirani.

Mlango wa pili ni ofisi ya ustawi wa jamii, na makao ya watoto alikopokelewa, kama yalikuwapo. Ikiwa habari zimefungwa katika jalada la mahakama, yampasa aombe ruhusa kwa njia ya sheria.

Mlango wa tatu ni parokia. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa yaagiza kwamba, mtoto aliyeasiliwa anapobatizwa, yaandikwe majina ya waliomwasili, na ya waliomzaa pia, walau pale ambapo daftari la serikali lafanya hivyo, kwa kufuata maagizo ya Baraza la Maaskofu. Tena, aliyebatizwa kabla ya kuasiliwa aweza kukuta jina la mama yake katika daftari la kale. Aende kwa paroko na ombi lake, akijua kwamba daftari hilo si tangazo la ukutani.

Mlango wa nne ni Mkange kwenyewe: ofisi ya kijiji na wazee. Mambo ambayo hayakuandikwa popote, bibi mmoja aweza kuyakumbuka.

Nao waliotengwa na jamaa zao kwa vita au kukimbia nchi, kama watoto wa Rwanda waliofika Ngara mwaka 1994 bila wazazi, wanayo huduma ya Msalaba Mwekundu ya kuunganisha jamaa, ambayo haitozi malipo.

FEDHA ILIYO HALALI NA FEDHA YA HATARI

Je, baada ya milango hiyo yafaa kulipa? Twajibu: yafaa kulipia njia. Nauli ya basi, ada ya hati, ujira wa wakili, ujira wa mtu mwaminifu aliyeacha kazi zake ili akutembelee vijiji: hayo yote ni malipo ya haki, kwa kuwa mtenda kazi astahili ujira wake. Lakini mapatano yaandikwe. Malipo yatolewe kidogo kidogo kwa kazi iliyofanywa, na mtafutaji atoe taarifa ya alikokwenda na aliowauliza, hata akirudi mikono mitupu.

Lisilofaa ni kulipia ndugu. Yule asemaye, "Utanilipa nikimleta mama," amejiwekea mtego na wewe amekutegea. Anayelipwa kwa kupata atashawishika kupata hata pasipo na kitu, na mwanamke maskini aliyepewa maneno ya kusema aweza kulia machozi yanayofanana sana na ya kweli. Kadhalika haifai kumpa karani hongo ili aibe jalada, wala kumpa fedha mpiga ramli. Wala haifai kuuza shamba au kutumia karo ya watoto. Hao watoto nao wana asili yao, nayo ni wewe.

Na vipimo vya vinasaba je? Ni vyema, lakini tuvifahamu. Kipimo hulinganisha watu wawili, hakimtafuti asiyekuwapo. Yule wakala akileta mtu, hapo ndipo kipimo kina kazi. Nchini kwetu kazi hiyo yasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi yapitiayo mamlaka zilizotajwa na sheria, kama mahakama na ustawi wa jamii. Zile maabara za ng'ambo zina hazina kubwa ya majina, lakini sehemu kubwa ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Mtoto wa Mkange asishangae akitafuta humo asikute hata binamu mmoja.

Hata hivyo, wako ambao kwao kutafuta ni jambo la haki, wala si shauku tu. Twawafikiria waliochukuliwa Afrika Mashariki wakalelewa Marekani na Ulaya kwa karatasi za uongo. Mwezi wa Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu wanne wa Uganda, wakiwamo majaji wawili na wakili, kwa mpango ambao wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao watasomeshwa Kampala, kumbe watoto walikuwa wakitolewa kwa wageni. Mtu aliyeambiwa kwamba ni yatima, na ashuku kwamba mama yake yu hai akimngojea, ana haki ya kuuliza. Na ikiwa kuna gharama, ingefaa zaidi ibebwe na wale waliofaidika kwa ule uongo.

AKIPATIKANA

Neno moja husahauliwa. Yule atafutwaye naye ni mtu. Pengine mama yule alizaa akiwa msichana, akaolewa baadaye na mume asiyejua neno, na ana watoto wakubwa. Ukimshukia Mkange mchana, na gari la kukodi, mbele ya majirani, utakuwa umelipa fedha ili umwaibishe aliyekuzaa. Mpelekee kwanza ujumbe kwa siri, kwa mkono wa mtu mzima aaminikaye. Akisema, "Bado," ngoja. Akisema, "Hapana," umia, lakini mheshimu. Uingereza ina daftari, lililofunguliwa mwaka 1991, ambamo aliyeasiliwa na jamaa wa damu hujiandikisha kila mmoja kwa hiari yake, ili wakutane wale wanaotakana. Busara ya daftari hilo twaweza kuifuata hata bila kuwa nalo.

Akikupokea, nenda na zawadi ya mgeni: kilo za sukari, kitenge, basi. Huenda jamaa wakaona kwamba mtoto wa mjini amekuja na neema, wakaanza kuomba bati, karo na mtaji. Saidia kwa kadiri upendavyo na uwezavyo, lakini usilipe ili upendwe, wala usidai fidia kwa kuachwa. Udugu ulioanza kwa hesabu huishia kwa hesabu.

KWENU MLIOLEA

Nanyi wazazi mliolea, twawaomba msilie kana kwamba mmeibiwa. Mtoto awaulizapo karatasi zake, mpeni. Akiwa na nauli pungufu, mwongezeeni. Mkimsindikiza hadi kituo cha basi, atarudi kwenu akiwa na habari njema au mbaya, na atawasimulieni ninyi kwanza. Mkimficha, atakwenda vile vile, ila peke yake, na pengine kwa mkono wa yule wakala.

Wako watakaotafuta kwa haki na kwa busara, wasipate. Hao twawakumbusha wale waliokombolewa Bagamoyo. Wengi wao hawakuwaona tena mama zao, wala hawakuacha kuwa na asili. Lakini walioana, wakalima, wakazika wafu wao, wakabatiza watoto wao, nao watoto hao walipoulizwa kwao ni wapi waliweza kujibu.