Mkufu wa Lulu wa Mitumba: Utazameni Wawili



Miaka 25 ya ndoa tunaiita jubilei ya fedha, na miaka 50 jubilei ya dhahabu. Kati ya hizo mbili ipo ya miaka 30, ambayo wengi huiita jubilei ya lulu. Tuchukue mfano wa baba mmoja wa hapa Malakisi anayeikaribia siku hiyo. Anafikiri moyoni: mama huyu amelima, amelea, amevumilia, nimtafutie mkufu wa lulu. Mkufu mpya hauwezi. Siku ya soko anashuka Bungoma, na juu ya meza ya mitumba, kati ya mikoba na mishipi, anauona mkufu mweupe. Muuzaji anamwapia kuwa ni lulu halisi. Lakini pesa zilizo mfukoni ni za karo. Afanye nini?

Kwanza tujue lulu ni nini

Lulu haichimbwi ardhini kama dhahabu. Hutokea ndani ya chaza, mnyama wa majini mwenye makombe mawili. Chaza hukizungushia kitu kilichomsumbua mwilini utando unaong'aa, tabaka juu ya tabaka. Zamani wapiga mbizi wa Ghuba, kama wale wa Bahrain, walizitafuta lulu baharini kwa taabu kubwa. Mwaka 1893 Mjapani Mikimoto Kokichi alifaulu kupata lulu kwa chaza wa kufugwa. Leo karibu lulu zote zinazouzwa ni za kufugwa, nazo ni lulu za kweli. Nyingi hutoka China, katika maziwa na mabwawa, na kwa kawaida hizo ndizo za bei nafuu.

Za bandia ni shanga za plastiki au kioo zilizopakwa rangi ya kung'aa.

Namna ya kuupima mkufu

1. Uangalie mchana, nje, penye mwanga. Lulu za kweli hazifanani kabisa; moja ina kidoa, nyingine imebonyea kidogo. Zikilingana zote kama zimetoka kiwandani, uwe na shaka.

2. Tazama tundu la uzi. Rangi ikiwa inabanduka pale, na chini yake unaona plastiki au kioo, jibu umelipata.

3. Upime mkononi. Plastiki ni nyepesi sana. Lulu ina uzito kidogo, na ukiishika mara ya kwanza huwa baridi.

4. Futa lulu moja vizuri, kisha uipitishe polepole kwenye ncha ya meno ya mbele. Ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga laini. Ya bandia huteleza. Jaribio hili halitofautishi lulu ya baharini ya asili na ya kufugwa. Hilo huhitaji mtaalamu mwenye mashine ya eksirei. Basi akikuambia "hii ni ya asili" bila cheti cha mtaalamu, usimlipe bei ya asili.

5. Angalia uzi na kishikizo. Mkufu mzuri mara nyingi una fundo kati ya lulu na lulu, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Kishikizo chenye alama 925 kwa kawaida ni cha fedha. 585 au 750 ni cha dhahabu. Lakini alama hugushiwa, na hata shanga za bandia hufungwa mafundo. Usitegemee dalili moja tu.

Usikubali jaribio la moto wala la siki. Siki na ndimu huila lulu, hata iliyo ya kweli.

Ni ya kweli, lakini ina thamani gani?

Tazama mng'ao kwanza. Lulu nzuri huonyesha sura yako kwa uwazi. Iliyofifia kama chokaa ina thamani ndogo. Kisha ukubwa, mviringo, usafi wa ngozi yake, na jinsi zinavyopatana katika uzi mmoja. Mkufu uliotumika huweza kuwa umeharibiwa na jasho na manukato, na uzi uliolegea utahitaji kutungwa upya. Gharama hiyo uipunguze kwenye bei. Tena jua kwamba ukitaka kuuuza kesho, mara nyingi utapata pungufu sana ya bei ya dukani. Mkufu si shamba wala ng'ombe. Usiununue kama akiba.

Hata Afrika Mashariki lulu zipo. Huko Fumba, Unguja, akina mama hufuga chaza na kupata lulu nusu, zenye upande mmoja bapa, zinazofaa hereni na vidani. Akikuonyesha mkufu wa lulu za mviringo kamili akisema ni kazi ya akina mama hao, muulize maswali zaidi.

Wawili mbele ya meza

Katika Injili ya Mathayo tunasikia habari za mtu aliyeuza vyote alivyokuwa navyo akanunua lulu moja. Tukumbuke kwamba yule alikuwa mfanyabiashara, lulu alizijua. Sisi tusiozijua tusiuze mbuzi kwa neno la muuzaji.

Wengine watasema: zawadi haina utamu ikijulikana mapema. Ni kweli. Basi pataneni mapema kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutumia kwa zawadi bila kuuliza. Zaidi ya hapo, nendeni pamoja. Karo isiguswe kamwe kwa siri. Mama akija kuona mtoto amerudishwa nyumbani, mkufu ule utamchoma shingoni.

Na mama, baba akikuletea shanga za plastiki kwa moyo mwema, usimcheke mbele ya watoto. Shanga zilizonunuliwa kwa bei ya shanga ni zawadi halali. Kosa ni kulipia plastiki kwa bei ya lulu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Je, tumepatana kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutumia bila kumwuliza mwenzake?
2. Ni zawadi gani ya zamani ambayo mwenzangu bado anaitunza, na kwa nini?
3. Kabla ya kununua kitu tusichokijua, ni nani tunayemwamini atuangalizie?